Jino lililong'oka kwa ajali lisitupwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie walimu wenzangu, wazazi na waendesha bodaboda wa Mkoa wa Kigoma kuhusu meno tunayoyapoteza katika saa ya kwanza baada ya ajali, kabla majeruhi hajamwona daktari wa meno.

Jino la mbele linapong'oka zima pamoja na mzizi wake, wengi wetu huona kwamba limekwisha kazi. Shuleni kwetu hapa Ujiji, mwanafunzi wa darasa la nne aligongana na mwenzake wakicheza mpira, na mama mmoja jirani, kwa huruma yake, aliliokota jino, akalisugua bombani kwa sabuni mpaka likang'aa, kisha akalifunga katika karatasi ya daftari ili mtoto aende nalo hospitali. Halikufaa tena. Juu ya mzizi kuna utando wa nyuzi hai unaolishikilia jino kwenye mfupa, nao ukisuguliwa hutoka, na ukikaa mkavu kwa muda wa saa moja huwa karibu wote umekufa.

Jino la namna hiyo lishikwe upande wa kutafunia, mzizi usiguswe. Likiwa na udongo, lisuuzwe sekunde chache tu kwa maziwa au maji safi, kisha lirudishwe papo hapo katika tundu lake, uso wake ukielekea mbele, na mtoto aume kitambaa safi ili lisichomoke wakati anapelekwa kwa daktari, ambaye atalifunga na meno ya jirani kwa wiki mbili hivi. Asiyethubutu kulirudisha alitie katika kikombe cha maziwa yaliyopoa. Maziwa mgando hayafai kwa sababu ya uchachu wake. Maziwa yakikosekana, mtoto atemee mate katika kikombe na jino liwekwe humo. Lisilowekwe katika maji ya bomba, kwani hayo huzipasua chembe hai za mzizi. Jeraha lililoingia udongo lisisahauliwe pia kwa chanjo ya pepopunda, na mtoto aliyepoteza fahamu au anayetapika ahudumiwe kwanza kwa ajili ya kichwa, jino lifuate.

Haya hayahusu meno ya utoto. Hayo hayarudishwi, kwa kuwa yanaweza kuliumiza jino linaloota chini yake, na mtoto anaweza kulirusha lake juu ya paa kama ilivyo desturi. Kwa kawaida meno ya mbele ya ukubwani huanza kuota mtoto akiwa na miaka 6 hadi 8, hivyo mwalimu wa darasa la tatu au la nne achukulie kwamba jino lililong'oka ni la kudumu.

Nasisitiza kulirudisha papo hapo kwa sababu ya umbali wetu. Aliyeumia Mwanga, hapa mjini, anaweza kufika hospitali ya Maweni kwa muda mfupi, lakini aliyeumia Kalya au Buhingu, ambako safari ya kuja mjini mara nyingi ni ya boti, hawezi kumaliza safari hiyo kabla mzizi haujakauka.

Kuhusu jino linalouma, nitasema machache. Kusukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi, hii hii ya Uvinza, hutuliza, na parasetamo imezwe kwa kipimo chake. Asprini isiwekwe juu ya fizi, maana huiunguza, na vidonge vya rangi mbili vya dukani, yaani antibiotiki, haviondoi chanzo cha maumivu hata uvimbe ukipungua. Shavu au sehemu ya chini ya taya ikivimba, mgonjwa akashindwa kufungua kinywa au kumeza mate, au akapumua kwa shida, asisubiri kuche: usaha wa jino unaweza kuziba njia ya hewa, na hiyo ni safari ya hospitali usiku huo huo.

Nawaomba maafisa elimu wa wilaya zetu waagize maelekezo haya yabandikwe ndani ya kila sanduku la huduma ya kwanza shuleni, pamoja na kikombe safi chenye mfuniko, na nakuomba wewe, Mhariri, uchapishe mchoro unaoonyesha jino linavyoshikwa, ili asiyependa kusoma maelezo marefu aukate na kuubandika ukutani.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Ujiji, Kigoma.