Tarangire tunaiona kwa dirisha la basi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako.

Aliyewahi kupanda basi la Dodoma kwenda Arusha kupitia Kondoa na Babati anajua kinachotokea mkifika Kwakuchinja. Ni mapito ya wanyama kati ya Tarangire na Ziwa Manyara. Julai mwaka jana dereva wetu alipunguza mwendo. Punda milia walikuwa wamesimama pembeni kabisa ya lami. Sisi wa upande wa kulia tukajikuta tumelaliwa na wa kushoto, simu zote juu. Konda akapaza sauti: "Utalii wa bure huo, hakuna kiingilio!" Tukacheka, gari likaondoka.

Nafundisha jiografia hapa Dodoma mwaka wa kumi na tisa sasa. Tarangire, hifadhi ya taifa tangu 1970, naichora ubaoni hata nikifumba macho. Ndani nimeingia mara moja tu, kwa basi la shule.

Tunalaumiwa kila siku kwamba Watanzania hatupendi utalii wa ndani. Kiingilio si kikwazo: sisi tunalipa kwa shilingi, tena sehemu ndogo tu ya dola anazotozwa mgeni. Kikwazo ni gari. Geti liko kilomita chache kutoka njia panda, lakini ukishuka pale na begi lako umekwama. Hifadhini mtu hajiendei kwa miguu kama anakwenda gengeni, na bodaboda haiingii. Niliulizia gari la kukodi nikaambiwa laki nne kwa siku, mafuta juu yangu. Mke wangu akauliza kama bei hiyo ni pamoja na tembo wa kurudi naye nyumbani.

Kolo, kwenye barabara hiyohiyo, mambo ni mepesi zaidi. Michoro ya miambani ya Kondoa ni urithi wa dunia tangu 2006, na mwalimu wa mshahara wangu anaifikia. Unashuka kijijini, unajiandikisha ofisini, unapewa mtu wa kukuongoza, mnachukua bodaboda, kisha mnapanda mlima hadi mwambani: watu warefu wembamba wa rangi nyekundu, twiga, tandala. Magoti yatalalamika. Mfuko utasalimika.

Ombi langu kwa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ni Coaster moja pale njia panda ya Tarangire, Jumamosi na Jumapili, walau Julai hadi Oktoba, madimbwi yanapokauka na wanyama kujazana mtoni. Nauli iwe kwa kiti, kama daladala, na isubiri mabasi ya asubuhi ya Dodoma na Arusha. Atakayekosa gari la kurudi atalala Babati, nyumba za wageni zipo. Nikiambiwa barabara za ndani haziwezi Coaster, nitauliza yale mabasi ya shule hupita wapi.

Tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma mwaka 2024, wageni kutoka Dar es Salaam wanatufikia kabla chai haijapoa. Shemeji yangu alishuka stesheni Jumamosi moja, bado asubuhi, na wanawe wawili, akauliza leo nawapeleka wapi kuona wanyama. Niliwapeleka Nyerere Square, tukala aiskrimu.

Mwalimu wa jiografia,
Kikuyu, Dodoma