Kwa kaka yangu wa Muscat: tia saini kabla ya masika

Shikamoo kaka.

Ujumbe wako wa mwisho ulisema, "Iacheni nyumba ya bibi ilivyo, haimdhuru mtu." Nimeona nikujibu hapa mbele za watu, maana nyumba zilizofungwa hapa Bagamoyo ni nyingi, na wenyewe walio mbali husema maneno hayo hayo. Nyumba ya bibi inadhuru, kaka. Inadhuru majirani wa pande zote mbili, na hilo ndilo nataka ulielewe kwanza, kabla sijakuomba saini ya ridhaa yako kwenye mirathi.

Ukuta wa chumba cha chini, ule wa upande wa muuza halua, ni ukuta mmoja wa nyumba mbili. Boriti zetu zimeulalia kutoka huku, zao zimeulalia kutoka kule. Paa letu likivuja, maji yanashuka katikati ya ukuta, na jiwe la matumbawe lina vitundu, linanyonya. Ndani ya ukuta ule kuna vipande vya mawe vilivyoshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu, hamna nondo wala nguzo. Udongo ukilowa unalainika, na vichwa vya boriti vilivyozama ukutani vinaoza mahali ambapo jicho halifiki. Kwa muuza halua unga wa kahawia umeanza kudondoka sakafuni, mstari mmoja chini ya kila boriti. Boriti ya namna hiyo ukiigonga kwa nyundo inaitika kama debe tupu. Anayelala chini yake ni mjukuu wake, wala si mimi na wewe.

Ndiyo maana tulipanda juu ya paa. Umeniita mvamizi mbele ya shangazi, nami sikukujibu kwa sababu ya heshima, lakini leo nasema: tulipanda kwa kauli ya mtaa mzima, mwenyekiti akiwapo, na muuza halua mwenyewe ndiye aliyeshika ngazi. Tuliweka mabati ya geji 28, maana ya geji 30 kwa upepo huu wa chumvi hayakawii kutoboka. Tukaweka gata, na bomba linalotoa maji mita moja mbali na msingi. Ndani tukasimamisha mirunda chini ya boriti kuu, kila baada ya mita moja na nusu, juu yake ubao mpana ili mzigo usambae. Hatukugusa ukuta, hatukugawa chumba, hatukumpangisha mtu. Ungekuwa wewe ndiye jirani, ungekuja kutushukuru.

Na mpangilio ule ni lazima, haukuwa haraka ya kukukomoa. Paa kwanza, gata pili, kisha maji ya chini, ukuta mwisho. Wengi huanza na ukuta wa mbele kwa kuwa ndio unaopigwa picha. Wafadhili nao wanaupenda. Masika ya kwanza yanapita na plasta mpya imeshafura. Mkuyu mdogo ulioota juu ya kona nao hatukuung'oa, ingawa wewe ulitucheka ulipouona kwenye picha. Mzizi wake umeshakuwa sehemu ya ukuta, na ukiuvuta unakuja na mawe. Unakatwa usawa wa jiwe, kisiki kinauawa, kinaachwa kikauke, ndipo tundu linajazwa chokaa.

Sasa nije kwenye ile saruji yako. Najua ulituma fedha kwa nia njema, ukitaka nyumba ipendeze kwa ajili ya harusi ya binti wa shangazi, na kweli siku ile ilipendeza. Lakini saruji ni ngumu kuliko jiwe lililo nyuma yake, na haipumui. Unyevu wa ardhini unapanda ndani ya ukuta kila siku, pamoja na chumvi. Zamani ulitokea kwenye plasta ya chokaa ukakauka kwa upepo. Ukiuzibia njia kwa saruji, unapanda juu zaidi, na chumvi inaganda nyuma ya plasta mpaka inaisukuma. Ukigonga pale mbele leo utasikia mvungu kutoka barazani hadi usawa wa dirisha. Rangi ya plastiki uliyosema ipakwe juu yake imeongeza zibo. Fundi uliyemtuma alijua nyumba za tofali, na nyumba ile si ya tofali.

Dawa yake inataka subira. Saruji inabanduliwa kwa tindo na nyundo ndogo, kuanzia mita ya kwanza ya chini, na drili kubwa isisogezwe karibu. Kisha ukuta unaachwa uchi kiangazi kizima ukauke. Watu watasema mmeishiwa fedha. Waseme. Wakati huo chokaa inalowekwa. Ile ya mifuko ya dukani ya kilo 25 tunaimwaga kwenye pipa lenye maji, maji yapite juu kiasi cha vidole vitatu, ikae wiki tatu kwa uchache, na ikikaa miezi mitatu inakuwa laini kama siagi. Mfuko wenye mabonge usinunuliwe, hewa imeshaumaliza. Anayepata chokaa ya tanuri ambayo haijazimwa aitie chokaa kwenye maji kidogo kidogo, asimwage maji juu ya chokaa, na afunike macho, kwani inachemka na kuruka.

Mchanga uwe wa mto, uliochekechwa. Wa ufukweni una chumvi ile ile tunayoikimbia. Kipimo ni ndoo moja ya chokaa kwa tatu za mchanga, na kipimwe kwa ndoo, chepe hudanganya. Ukuta wa mita za mraba 20, matabaka mawili, unakula kama ndoo 11 za lita 20 za chokaa na 33 za mchanga, yaani mifuko sita hivi ya chokaa na mchanga tani moja na kidogo. Ukuta unalowanishwa kabla. Tabaka moja lisizidi sentimita moja na robo. Linafunikwa magunia mabichi kwa siku nne tano ili jua lisilipasue, na tabaka la pili lingoje wiki moja hadi mbili. Mwisho ni kupaka chokaa nyepesi, nyepesi kama maziwa yaliyotiwa maji, mara tano au sita. Kazi yote hiyo ifanyike kipupwe, Juni hadi Agosti, jua likiwa na huruma.

Utaniuliza nani atafanya. Hapo ndipo mtaa unapoingia, kaka, na ndipo huwa hunielewi. Mwenye nyumba mmoja hawezi kuleta tipa la mchanga kwa ukuta mmoja, hawezi kununua jukwaa la kupandia mafundi la kutumia wiki mbili kwa mwaka, hawezi kumshika fundi wa chokaa mwaka mzima. Nyumba sita zinaweza. Shimo la chokaa liwe moja, jukwaa moja, fundi mmoja na vijana watatu wa mtaani wanaojifunza kwake, kwani mafundi wa kazi hii wamezeeka. Asiye na fedha anatoa siku za kuchekecha mchanga, na siku inaandikwa daftarini kwa thamani yake kama fedha. Daftari linasomwa kwa sauti barazani kila mwisho wa mwezi. Vikundi vingi vimevunjika hapo, kwa daftari kulala nyumbani kwa mtu mmoja, hata kama hakuna aliyeiba.

Kwa nyumba ambayo wenyewe hawana kitu njia ipo. Mpangaji anakarabati, gharama inakatwa kwenye kodi. Tuseme chini pametumia milioni 6 na kodi ni 150,000 kwa mwezi, basi miezi 40 imelipa. Mkataba uandikwe, risiti zote zibandikwe nyuma yake, na iandikwe wazi kwamba mpangaji hajengi choo ghorofani. Nimesisitiza choo kwa sababu maji ya bafu la juu, kwenye sakafu ya boriti, yameangusha nyumba nyingi. Wapangaji wapo. Wanafunzi wa chuo cha sanaa wanatafuta vyumba kila muhula, wachongaji wanataka baraza inayoonekana, mama lishe wa soko la samaki wanataka pa kufungia vyombo. Si lazima kila nyumba iwe ya wageni kulala. Nyumba yenye mtu anayepika humo, siku paa likitoboka anajua siku hiyo hiyo.

Wewe husema mji huu ulikufa Mjerumani alipohamia Dar es Salaam. Alihamia 1891. Boma lile kubwa linaloangalia bahari limejengwa 1897, miaka sita baadaye. Mji uliokufa haujengewi boma. Kilichotuumiza zaidi ni usafiri, maana reli ya kati ilipoanza kujengwa 1905 ilianzia Dar, na misafara ya miguu ikakosa kazi. Hata hivyo watu walibaki Mtaa wa India wakiuza, wakioa, wakizika, na bibi alikuwa mmoja wao. Kilichozifunga nyumba hizi moja baada ya nyingine ni mirathi isiyogawanywa. Warithi wanakuwa kumi na wawili, watatu wako nje, mmoja hajulikani alipo, na hakuna mwenye haki ya kusema fundi aanze.

Kaka, kuna siku moja sijaweza kuisamehe, na unaijua. Siku mbili baada ya arobaini ya bibi, watu bado wana tende mkononi, gari lilirudi kinyumenyume hadi barazani, na vijana wawili wakaanza kuuchokoa mlango kwa mtaimbo. Walitoa mbao mbili, mfaa wa katikati, miimo na kizingiti cha juu chenye yale maua. Watu wa mtaa walikaa kimya kwa kuwa ulikuwapo wewe, mjukuu mkubwa, na nani angekuingilia. Fremu ile ilijengwa pamoja na ukuta. Ilipong'olewa, chokaa ya pembeni ilimwagika, boriti za linta zikabaki wazi kwa mvua, na ufa ukapanda hadi dirisha la juu. Ukazibwa mlango kwa tofali za saruji. Shangazi hakupita mtaa ule mpaka Ramadhani ikaja ikaisha.

Sikuandiki ili nikuaibishe. Ulitulipia ada, sisi sote watatu, na mtu asiyelijua hilo asikuhukumu kwa barua hii. Lakini Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inautaja mlango wa namna ile: mlango au fremu ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1940 inalindwa. Si haki ya mjukuu mkubwa, wala si ya wajukuu wote, kuiondoa bila kibali. Ungeniuliza ningekuambia. Ungemuuliza muuza halua pia angekuambia.

Hivi ndivyo mambo yalivyo. Muhtasari wa kikao cha ukoo umeshaandikwa, cheti cha kifo kipo, shangazi amekubali kuwa msimamizi wa mirathi, na jalada liko Mahakama ya Mwanzo. Kinachokosekana ni ridhaa yako. Nenda ubalozini petu hapo Muscat ukaitie saini mbele ya ofisa, agonge muhuri, utume karatasi yenyewe, picha ya simu haitoshi. Akishateuliwa, shangazi ana miezi minne kuleta mahakamani orodha ya mali na hesabu. Huuzi chochote kwa saini hiyo. Fungu lako linabaki fungu lako kama dini ilivyolipanga, na chumba cha juu kinachoangalia bahari hakuna aliyekiomba.

Ikifika kabla ya Februari kuisha, tutaomba kibali cha ukarabati halmashauri na Idara ya Mambo ya Kale, tutaondoa tofali za mlangoni na kubadilisha linta kabla mvua za Machi hazijaanza. Tutaweka mlango mtupu wa mninga, usio na nakshi, upana ule ule wa zamani. Tumeupima, nafasi ya miimo ipo.

Na jina la aliyeununua ule mlango niandikie, hata kwa ujumbe wa simu. Sitalitaja hapa. Nitalipeleka Mambo ya Kale mwenyewe, na nikiulizwa nitasema limetoka kwako kwa hiari yako.