Kanisa la Abney Park lisimuliwe kwa historia yake

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu makaburi ya kale ya London, na nashukuru kwa kuyapa nafasi. Hata hivyo, sikuridhika kuona kanisa dogo la Abney Park, huko Stoke Newington, lililo ndani ya makaburi ya jina hilo, likielezwa kama gofu la kutisha linalowafaa wapiga picha na wasimulizi wa mizimu. Kanisa lile lilijengwa kwa sababu maalumu, na sababu hiyo ndiyo iliyostahili kutangulia.

Katika miaka ya 1830, viwanja vya makanisa ya London vilikuwa vimefurika maiti, na kampuni za watu binafsi zikaanza kufungua makaburi makubwa pembezoni mwa jiji, kuanzia Kensal Green mwaka 1833. Ilikuwa kawaida ardhi igawanywe, upande mmoja ukawekwa wakfu na askofu kwa ajili ya Waanglikana, mwingine ukaachiwa Wakristo waliobaki, na mara nyingi kila upande ukawa na kanisa lake. Abney Park, iliyofunguliwa mwaka 1840 na Wakristo wa madhehebu yaliyokuwa nje ya Kanisa la Uingereza, iliukataa mgawanyo huo. Ardhi haikuwekwa wakfu kwa dhehebu lolote, na msanifu majengo William Hosking alichora kanisa moja tu, la mazishi pekee, ambalo jeneza la mtu wa dhehebu lolote lingeingizwa humo. Wakati huo jambo hili lilikuwa zito mno, kwa maana hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1880, asiye Mwanglikana akizikwa katika uwanja wa kanisa la parokia alisomewa ibada ya Kianglikana au hakusomewa kitu, na asiyebatizwa alinyimwa hata hiyo ibada.

Ndiyo maana inanigusa kwamba katika makaburi hayo amezikwa Joanna Vassa, aliyefariki mwaka 1857, binti wa Olaudah Equiano, Mwafrika aliyeuzwa utumwani, akajinunulia uhuru wake na kupigania kukomeshwa kwa biashara ile. William Booth, mwanzilishi wa Jeshi la Wokovu lililofika Kenya mwaka 1921, naye amelala hapo. Makala yenu haikumtaja hata mmoja wao.

Uchakavu wenyewe hauna muujiza wowote. Kampuni iliyoendesha makaburi hayo iliishi kwa kuuza viwanja vya kaburi, na viwanja vilipokwisha mapato yakakauka huku gharama za kutunza miti, njia na kuta zikibaki palepale, hata ikafilisika katika miaka ya 1970. Halmashauri ya Hackney, inayosimamia eneo hilo la London, iliichukua ardhi hiyo mwaka 1979, wakati miti iliyopandwa kwa mpangilio wa alfabeti wa majina yake, iwe bustani ya kujifunzia kwa wapita njia, ilikuwa imegeuka msitu, na madirisha ya kanisa yamebaki mapengo. Miaka ya karibuni kanisa limekarabatiwa, sehemu ya fedha ikitoka katika mfuko wa urithi wa bahati nasibu ya taifa ya Uingereza.

Naomba basi, mtakapoandika tena juu ya mahali hapo, msomaji aelezwe ni nani walilijenga kanisa lile, walikuwa wamenyimwa nini, na kwa nini waliona mlango mmoja unawatosha wote. Watakaokwenda kupiga picha waelekezwe pia lilipo kaburi la Joanna Vassa.

Msomaji wenu,
London