Barua ya wazi kwa vijana wa kamera wa Nyanda za Juu Kusini

Wajukuu zangu,

Kamwene kwa mlioko Iringa, Mufindi na Njombe, na ugonile kwa wa Tukuyu. Wa Mbeya mjini mchague wenyewe, maana hapo kila kabila lina mtaa wake.

Mimi ni bwana mifugo mstaafu. Miaka 33 nimepanda na kushuka milima hii kwa pikipiki ya serikali, nikichanja ng'ombe, nikisimamia majosho, nikigombana na wafugaji kuhusu kupe. Ndege nilikuwa nawaona kama mtu anavyoona nzi. Nilipofikisha miaka 60 nikaagwa kwa soda, kitenge cha mama na saa ya ukutani. Kiinua mgongo kilipotoka, wenzangu walinunua bajaji na mashine za kukoboa. Mimi nikanunua kamera na lenzi ya milimita 400. Mama watoto alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu akaniuliza kama kile kidude kinakamuliwa.

Tangu hapo nimekwenda Ruaha mara nyingi kuliko nilivyowahi kwenda kwa wakwe. Nimelala Matamba mwezi wa saba, nyasi zinaamka zina barafu. Nimeteleza kwenye njia ya Ziwa Ngozi nikakaa kitako kwenye tope mbele ya wanafunzi wa sekondari. Mwaka mmoja nilijikaza nikafika Mabamba, kule Uganda, kumwona korongo nyangumi. Zamani nilikuwa mwendawazimu peke yangu. Siku hizi kila ninakofika nawakuta nyinyi, wengine mna lenzi ndefu kuliko yangu, na wengine mnakula mkate wenu kwa kuwaongoza wageni. Nafurahi, sisemi uongo. Lakini kuna jambo limenikaa kooni tangu masika yaliyopita. Wawili watatu nilishawaambia pembeni, wakacheka kwa adabu. Sasa nalisema hadharani.

Nilikuwa Kitulo, juu kule wanakokuita Bustani ya Mungu. Nyasi zilikuwa zimelowa na maua yamefunguka kila rangi. Chini kidogo ya barabara niliona vijana wanne wamechuchumaa kuzunguka shimo la muhanga, yule mnyama mla mchwa, kamera zimewekwa kwenye stendi hatua nne tu kutoka mdomo wa shimo. Juu ya udongo wameweka simu inalia sauti ya ndege. Nikajua mara moja wanamtaka nani. Mbayuwayu buluu.

Kwa wasiomjua: ni mbayuwayu mwenye rangi ya chuma kilichong'arishwa, na dume mkia wake una nyuzi mbili ndefu zinazomfuata kama mkia wa tiara. Kiangazi chetu hukimaliza kaskazini, pande za Uganda na Ziwa Victoria, na mvua zikikaribia hurudi kuzaa kwenye nyasi za milimani. Hajengi mtini wala darini. Hushuka ndani ya shimo ardhini, aghalabu shimo lililochimbwa na muhanga, akabandika kikombe cha tope na nyasi kwenye paa la shimo. Ni ndege aliyepungua sana duniani, kwa sababu nyasi za namna ile zimelimwa au kupandwa miti kila mahali. Kitulo ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 sifa ilikwenda kwa maua, lakini mimi nasema hata ungeondoa maua yote, huyu peke yake angetosha.

Basi yule mama alikuja mdomo umejaa wadudu. Akashuka, akaona watu, akapaa. Akazunguka. Akashuka tena, akapaa. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi upande wa pili na darubini, naangalia saa. Dakika 25 hakuingia hata mara moja. Mwishowe wadudu wakamtoka mdomoni, au aliwameza, sikuona vizuri. Ule ni mwinuko wa zaidi ya mita 2,500, wajukuu zangu. Nyinyi wenyewe mlikuwa na majaketi na kofia za sufu. Kile kifaranga kilichokuwa gizani mle ndani hakikuwa na nyoya.

Kisha mmoja akapata picha yake, ndege angani, mabawa wazi, macho yanatazama lenzi moja kwa moja. Wakashangilia. Nami nikiitazama ile picha kwenye kioo cha kamera (walinionyesha, ni watoto wenye heshima) nikasema moyoni, huyu ndege haruki, huyu analia.

Ninachowaomba ni kitu kimoja tu, na kinapimika bila rula. Kabla hujainua kamera mtazame ndege anafanya nini. Anakula, anaoga vumbi, analisha, anaimba, amesinzia. Sogea polepole. Siku utakapoona ameacha alichokuwa akifanya, shingo imenyooka, amekugeukia, umeshapita mpaka. Rudi nyuma hatua kadhaa, kaa chini, ngoja aendelee. Asipoendelea, ondoka. Hakuna umbali wa kuandika ubaoni, kwa kuwa yangeyange atakuruhusu umkanyage na tandawala atakukimbia ukiwa upande wa pili wa bonde.

Sisemi haya kama malaika. Nyuma ya nyumba yangu, Uyole, kuna mti wa parachichi. Mwaka wa pili wa kamera, chozi, yule ndege mdogo wa kunyonya maua, alitundika kiota chake kwenye tawi la chini. Mnajua kiota cha chozi: kifuko kinaning'inia, kimeshonwa kwa utando wa buibui, kimebandikwa vipande vya magome ili kionekane kama takataka, na mlango uko ubavuni una kibaraza kidogo juu yake, kama cha duka la kijijini. Kulikuwa na majani matatu yanafunika mlango. Nikachukua mkasi wa jikoni nikayakata. Majani matatu. Nikapata picha ambayo mpaka leo watu hawaamini nimeipiga mimi, mama ananing'inia, mtoto ametoa mdomo wa njano, mwanga wa saa mbili asubuhi umeingia kutoka pembeni.

Kesho yake kunguru alikuwa juu ya bati la jirani, anajipangusa mdomo. Kifuko kilikuwa kimechanwa toka juu hadi chini. Chozi alikuja siku nzima, anasimama hewani mbele ya kile kitambaa, anaondoka, anarudi. Mama watoto aliona. Hakusema neno, ila mkasi ule hajautumia tena kukatia mboga, na mimi sijamuuliza kwa nini. Picha ninayo. Ni nzuri sana. Siioneshi.

Kuhusu sauti za kwenye simu. Najua mtaniambia wageni wanazitaka na waongozaji wakubwa wanazitumia. Fikirini kazi yake. Dume anaimba ili kutangaza mipaka ya shamba lake. Ukipiga sauti ya dume mwenzake, unamwambia mvamizi ameingia. Anaacha kula, anaacha kumlinda mke, anakuja mbio kupigana na mtu ambaye hayupo. Unapata picha, unaondoka, yeye anabaki anazunguka kichaka akitafuta adui. Na kesho anakuja mwongozaji mwingine kwenye kichaka kile kile na simu yake. Msimu wa kuzaa hii iacheni kabisa. Msimu mwingine, sauti mara moja fupi, basi. Na mimi binafsi hata hiyo naiona ni uvivu. Kaa chini. Msitu wa Mufindi ukikaa nusu saa bila kuongea, ndege wanakusahau. Wenyewe watakuja kuokota chakula mbele ya viatu vyako.

Ngoja niwape mfano wa picha iliyopigwa vizuri. Ruaha, mbuyu karibu na mto. Kuna hondohondo mdogo wa kule mwenye mdomo mwekundu na ngozi nyeusi kuzunguka jicho, ambaye mwaka 2002 wataalamu walimtangaza kuwa aina yake peke yake na kumpa jina la Ruaha. Wakati wa kuzaa jike huingia kwenye tundu la mti akajifungia humo, mlango unazibwa, unabaki upenyo mwembamba kama wa sanduku la barua. Dume ndiye sokoni, ndiye jikoni. Dereva alizima injini mbali, tukakaa. Joto la Ruaha saa tano mnalijua. Baada ya muda dume akaja na panzi, akatua kwenye gome, akagonga kidogo. Ncha ya mdomo mwekundu ikajitokeza kwenye ufa, ikapokea. Akaenda, akarudi na mbegu, akatoa moja, akacheua nyingine kutoka kooni, tena, tena. Hakututazama hata mara moja. Gari lilikuwa kama jiwe kwake. Nilipiga picha sita tu, na nikaweka kamera mapajani nikawa natazama. Huyo dume akitishika saa mbili kwa siku, mle ndani mke na watoto hawana mkono wa kujilisha. Kumbukeni hilo mnapomwambia dereva asogee kidogo tu.

Msitangaze viota. Hapa sina maelezo marefu. Picha ya simu hubeba lokesheni ndani yake hata kama hukuandika, izimeni. Kwenye magrupu yenu andikeni "Kitulo" au "Rungwe", inatosha. Korongo taji wanakamatwa wachanga na kuuzwa wakafugwe kwenye bustani za watu, na anayewatafuta anasoma grupu kama nyinyi.

Sasa mkate. Najua mgeni ametoka mbali, ana siku mbili, ana orodha, na bakshishi iko mfukoni mwake. Anasema sogea, sogea. Kule Mabamba niliyekaa naye mtumbwini alikuwa mvuvi zamani. Aliniambia kwa Kiswahili cha kuokoteza kwamba kwao kumwona korongo nyangumi kulikuwa nuksi, siku hiyo hupati samaki, kwa hiyo walimwua. Leo wanaishi kwa ndege huyo huyo. Tulipomwona amesimama kwenye mafunjo, kajikunyata kama mzee anayengoja pensheni, mvuvi yule alichomeka mti wake kwenye tope na mtumbwi ukasimama. Mzungu wa mtumbwi wa pili akasihi. Wenye mtumbwi wakatikisa kichwa. Baada ya dakika kumi hivi ndege akajitupa majini kwa kishindo, akainuka na kamongo. Wote tulipata picha, na bakshishi ilitoka kuliko kawaida. Siri yao nilimwuliza: masharti wanayasema nchi kavu, kabla ya kupanda, mgeni akiwa bado anavaa koti la kuokolea. Ukingoja umwambie mbele ya ndege, umeshashindwa.

Na wenyeji. Kwa mkulima wa Ubaruku usiende kuhubiri uzuri wa kwelea kwelea. Yeye yuko shambani tangu alfajiri na kombeo na debe, mpunga wake unaliwa. Mpe pole kwanza. Usielekeze lenzi kwenye ua wa mtu bila kubisha hodi. Mimi nilisimama Igurusi napiga picha ya bundi kwenye mwembe, mama mmoja akatoka na mchi, "Mzee, unapima shamba letu au unaita mkosi?" Ilinichukua vikombe viwili vya chai kueleza. Lakini ni mama huyo huyo aliyeniambia bundi yule hulala wapi mchana.

Waulizeni wazee majina ya ndege kwa lugha zenu. Mwaka 1991 watafiti waliokuwa kwenye misitu ya Udzungwa, upande wetu wa Iringa, walikula mchuzi wa "kuku" jioni, kisha wakaona miguu ndani ya sufuria si ya kuku wanayemjua. Ndivyo sayansi ilivyompata kwale wa Udzungwa, ambaye ndugu zake wa karibu wako Asia. Wapishi wao walikuwa wanamla siku zote. Kipunji naye, yule tumbili wa Rungwe, wawindaji walimtaja kabla watafiti hawajamwona mwaka 2003. Daftari la mtu asiyeongea na wawindaji lina mapengo.

Jambo la mwisho dogo, la kamera: ukitoka kwenye ukungu wa Kitulo kuingia jikoni kwenye moto, acha kamera ndani ya begi lililofungwa saa nzima. Mimi niliitoa mara moja, lenzi ikatoka jasho ndani, fundi wa Dar akala laki mbili.

Mwezi wa kumi na moja mvua zikianza nitakuwa Matamba. Anayetaka kuja aje. Napandia Chimala kwa ile barabara ya kona hamsini na saba, na kuniulizia huko ni rahisi, wananiita Mzee Chanjo. Tutakaa mbali na shimo, mbali kuliko mtakavyopenda. Leteni makoti mazito, karanga na turubai la kulalia. Simu zizimwe sauti.

Babu yenu,
Bwana Mifugo Mstaafu,
Uyole, Mbeya