Saa ya simu ya dharura inaanza kuhesabiwa lini?

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi nitoe la moyoni. Kila ikija habari ya huduma za dharura watu wanaongelea magari tu, ambulensi ziko ngapi, gari la zimamoto zima au bovu, ila kile chumba simu zetu zinakopokelewa hakuna anayekiulizia, na hapo ndo mambo yanaweza kuharibika kabla hata dereva hajawasha injini.

Shida ni hesabu. Madiwani wanaletewa ripoti inasema gari lilifika ndani ya dakika kadhaa, sawa, lakini dakika hizo zimeanza kuhesabiwa lini? Zikianza gari lilipotumwa, basi mi niliyeshika simu nimepunjwa, manake nahesabu tangu ilipoanza kuita, ikaita weee, ikapokelewa, nikaeleza, nikahamishiwa upande wa ambulensi nikaeleza tena upya, sasa muda huo wote ni wa nani? Na yule aliyechoka akakata kabla hajapokelewa, asipoingizwa kwenye wastani maana yake wanaokata wakizidi ndo ripoti inazidi kupendeza, we acha tu.

Marekani wana kiwango chao, simu 90 kati ya 100 zipokelewe ndani ya sekunde 15. Sio mbwembwe. Moyo ukisimama, kila dakika inayopita bila msaada nafasi ya kupona inashuka kama asilimia 7 hadi 10, na mpokea simu aliyefundishwa vizuri anaweza kukuelekeza ukandamize kifua cha mgonjwa wewe mwenyewe huku gari linakuja.

Sasa ukiweka bodi ya kusimamia hicho chumba cha simu, ikajaa wakuu wa polisi, zimamoto na ambulensi watupu, si wanajikagua wenyewe? Sisi wapigaji tupewe viti, takwimu zitoke hadharani kila mwezi pamoja na simu zilizokatika, na malalamiko yasikilizwe na mtu ambaye sio bosi wa aliyelalamikiwa. Sisemi diwani aingie mle chumbani aamrishe gari liende wapi, hiyo nayo balaa nyingine. Wala siwalaumu wapokeaji, mtu akikalishwa shifti mbili mfululizo kwa sababu wenzake ni wachache utamdai nini? Hilo nalo ni la bodi kuuliza.

Mtasema barua haibadilishi kitu. London mwaka 1935 nyumba iliwaka moto Wimpole Street wakafa wanawake watano, jirani alipiga simu akabaki anasubiri kwenye foleni, akakasirika akaandikia gazeti la The Times, serikali ikaunda kamati, na 1937 namba ya dharura 999 ikaanza kazi.

Kwa hiyo nami nawauliza madiwani kupitia gazeti hili: mwezi uliopita simu zetu ziliita sekunde ngapi kabla ya kupokelewa, na ngapi zilikatika?

Msomaji wenu