Malalamiko: majibu yenu kuhusu ndege iliyopotea njia mara baada ya kupaa

Kwa: Mkurugenzi wa Uendeshaji wa Safari za Ndege
Nakala: Mkuu wa Matengenezo, Mkuu wa Usalama wa Safari

YAH: KUKATAA MAELEZO YA "HITILAFU YA GHAFLA YA MTAMBO"

Ndugu Mkurugenzi,

Abiria wa safari iliyotajwa katika barua yenu walituomba tuisome kwa jicho la kiufundi. Tumeisoma, na kwa niaba yao tunaikataa. Mnasema ndege ilikengeuka njia ya kuondokea kwa sababu ya hitilafu ya ghafla ya mtambo wa urambazaji, jambo lililo nje ya uwezo wa shirika. Aya mbili chini yake mnasema vifaa vyote 3 vya inersia, yaani vinavyokokotoa mahali ndege ilipo kwa kuhisi mwendo wake, viling'olewa, vikapimwa karakana, havikukutwa na kasoro, vikarudishwa ndegeni. Maelezo hayo hayapikiki chungu kimoja.

Kila kifaa kati ya hivyo 3 kina jairo 3 za leza (vihisi vya mzunguko) na vipimamchapuko 3 (vihisi vya badiliko la kasi). Kikiwashwa, hakijui kiko wapi duniani. Rubani hukipa latitudo na longitudo ya pale ndege ilipoegeshwa, kisha ndege hutulia bila kusogezwa kwa dakika 5 hadi 10 hivi kifaa kijipange. Kuanzia hapo hujumlisha kila mwendo wa ndege juu ya namba ile ya mwanzo. Namba ikiwa mbovu, hesabu yote inayofuata ni mbovu, hata kama kifaa ni kizima kama siku kilipotoka kiwandani. Na kwa kuwa namba huandikwa mara 1 kwenye kibodi na kupelekwa kwa vyote 3 kwa pamoja, vyote hukubaliana katika kosa lile lile. Kompyuta ya safari inapoona GPS inapingana na mashahidi 3 wanaosema neno moja, inaweza kuitupa GPS, iliyokuwa ikisema kweli.

Vifaa 3 kuharibika kwa wakati mmoja, kwa kiasi kile kile, kisha vyote kupona vyenyewe vikifika karakana? Fundi gani atatia saini hilo?

Jambo hili lina historia, nanyi mnaijua. Tarehe 10 Machi 2015, Airbus A330 ya AirAsia X ilikuwa ikiondoka Sydney kwenda Kuala Lumpur. Longitudo sahihi ilikuwa 151°09.8' Mashariki, yaani 15109.8 kwenye kibodi. Iliyoingizwa ni 01519.8, yaani 15°19.8' Mashariki. Kwa kosa hilo kompyuta iliamini ndege iko katika bahari ya Atlantiki, magharibi ya Cape Town, zaidi ya kilomita 11,000 kutoka ilipokuwa. Kosa halikugunduliwa mpaka ndege ikawa angani na kupinda kushoto, ikakatiza njia ya kuondokea ya barabara jirani ya kurukia. Marubani walipojaribu kurekebisha wakagusa swichi zisizostahili, mambo yakaharibika zaidi. Hali ya hewa ya Sydney haikuruhusu kurudi, wakaongozwa na rada hadi Melbourne. Wachunguzi wa Australia, katika ripoti ya mwaka 2016, walisema wazi kwamba ndege hiyo haikuwa na toleo jipya la mfumo wa usimamizi wa safari, toleo ambalo lingezuia kosa kama hilo.

Basi swali letu la kwanza ni hili, na barua yenu haikuligusa kabisa: ndege hii ilikuwa na toleo gani la programu siku ile, na toleo la mtengenezaji linaloingiza mahali kutoka GPS lenyewe, au linalosahihisha kilichoandikwa kwa mkono, lilikuwa limewekwa au lilikuwa linasubiri bajeti?

Mtajibu kwamba kifaa chenyewe kina kinga. Kinayo, lakini ni nusu kinga. Jairo huhisi mzunguko wa dunia, nyuzi 15 kwa saa, na kutokana na mwelekeo wa mzunguko huo hukisia latitudo. Longitudo haikisiwi hivyo, kwa maana dunia huzunguka kwa kasi ile ile kila longitudo. Chukueni Dar es Salaam, karibu 6°52' Kusini na 39°12' Mashariki. Rubani akiandika Kaskazini badala ya Kusini, anaihamishia ndege kusini mwa Ethiopia, jirani na milima ya Bale, zaidi ya kilomita 1,500; jairo zitakataa. Akigeuza 39 kuwa 93, ndege "inahamia" katikati ya bahari ya Hindi, karibu kilomita 6,000, na jairo hazina la kusema. Entebbe ni mtego wa aina yake: iko dakika 2.5 tu za nyuzi kaskazini ya ikweta, kwa hiyo kubadili Kaskazini na Kusini kunaleta kosa la maili 5 za baharini. Hilo ni dogo mno kwa jairo kulishtukia, ila ni kubwa vya kutosha kuiweka ndege nje ya njia yake.

Kosa la mahali huharibu pia dira. Vifaa hivi hujua kaskazini ya kweli. Kaskazini ya sumaku huipata kwa kusoma jedwali la mahali vinapoamini vipo. Kati ya Sydney na ule upande wa Cape Town, tofauti ya mkengeuko wa sumaku (pembe kati ya kaskazini ya kweli na ya sumaku) inapita nyuzi 30. Skrini ya rubani na ya msaidizi wake zinaweza kulingana na zote zikawa zimekosea. Isiyodanganyika hapo ni dira ndogo ya sumaku iliyoning'inia mbele ya marubani, pamoja na namba iliyochorwa kwenye barabara ya kurukia. Namba hiyo ni mwelekeo wa dira uliogawanywa kwa 10, hivyo kwenye barabara namba 05 dira lazima ionyeshe takriban nyuzi 050 ndege inapojipanga juu yake. Ukaguzi huo huchukua sekunde 2. Mwingine ni kuweka ramani ya skrini kwenye masafa ya maili 10 kabla ya kusukumwa nyuma na kuangalia kama barabara ya kurukia inaonekana pale inapoonekana kwa macho dirishani. Isipoonekana, hakuna safari.

Kinachotutia wasiwasi kuliko vyote ni orodha ya ukaguzi wa dharura mliyoambatisha kama ushahidi wa umakini wenu. Haisemi popote kwamba kifaa cha inersia kikizimwa angani hakiwezi kujipanga upya kwa ajili ya urambazaji mpaka ndege isimame chini. Haionyi pia kwamba kukipeleka kwenye hali ya mkao pekee, ambapo hutoa mkao wa ndege tu bila urambazaji, kunaweza kukata otopailoti, mfumo unaoirusha ndege wenyewe. Tarehe 1 Januari 2007, Boeing 737-400 ya Adam Air ilianguka baharini Indonesia pamoja na watu 102. Marubani walikuwa wamezama kutafuta tatizo la vifaa hivi. Kimoja kilipohamishwa kwenye hali hiyo otopailoti ikakatika, ndege ikalala upande taratibu, na hakuna aliyekuwa akiirusha. Orodha ianze na mambo ya kwanza: mmoja ashike ndege kwa dira ya akiba, muongoza ndege aambiwe na aombwe mwelekeo wa rada, ndege ipande juu ya kimo salama. Swichi zingoje.

Kuhusu vinasa. Kinasa sauti cha ndege nyingi huhifadhi saa 2 za mwisho tu. Kwa ratiba yenu wenyewe, ndege iliruka tena usiku ule ule. Je, umeme wa kinasa ulikatwa ili sauti za kuondoka zisifutwe? Kinasa data huhifadhi saa 25, kwa hiyo mahali palipoandikwa kwenye kibodi na mahali GPS ilipoonyesha vingeweza kulinganishwa, kama mlivinakili kwa wakati.

Mnapodai jambo lilikuwa nje ya uwezo wenu, someni Kifungu cha 19 cha Mkataba wa Montreal wa 1999: mchukuzi huepuka dhima ya ucheleweshaji akithibitisha kwamba yeye na watumishi wake walichukua hatua zote zinazostahili, au kwamba haikuwezekana kuzichukua. Neno "hitilafu" halithibitishi chochote.

Tunataka ndani ya siku 21: nakala ya kumbukumbu za karakana za vifaa vyote 3, toleo la programu na tarehe ya kuwekwa kwake, namba za mahali kutoka kinasa data, na orodha ya dharura iliyosahihishwa. Madai ya fidia ya abiria yatakuja kwa barua yake, nayo yatategemea mtakachotuma.

Wenu katika kazi,
Mafundi wa avioniki (vifaa vya kielektroniki vya ndege) na waongoza ndege, kwa niaba ya abiria