Barua ya kufunga muhula wa pili: kuhusu huduma ya kwanza

Kwa wazazi na walezi wote, Busia.

Salaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Tunafunga Ijumaa hii saa sita mchana. Ripoti hatutampa mtoto mkononi. Njoo uichukue mwenyewe kwa mwalimu wa darasa. Mwenye salio la karo apitie kwanza kwa mhasibu, maana mimi sina kitabu cha risiti. Hayo yamekwisha. Sasa nieleze kwa nini barua ya safari hii ni ndefu.

Kwenye mkutano uliopita nilisema nataka darasa la tano hadi la saba wajifunze huduma ya kwanza kwa vitendo. Mzee mmoja akasimama, akataja PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi hapa Uganda: "Mwalimu, PLE haiulizi mambo ya bandeji." Tulicheka wote. Lakini mzee wangu, inauliza. Silabasi ya sayansi ina mada ya ajali na huduma ya kwanza, na watoto wetu wanaikariri vizuri. Shida ni kwamba mikono yao haiijui.

Wengi mmesikia habari ya uji. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Mtoto wa darasa la tatu alisukumwa kwenye foleni, uji wa moto ukammwagikia mguu mzima kuanzia gotini. Nilifika mbio na kitu cha kwanza nilichofanya ni kuagiza dawa ya meno. Ndiyo, mimi, na miaka yangu yote ya ualimu. Kabla haijaletwa, binti mmoja wa darasa la sita alishamshika mwenzake mkono na kumvuta hadi kwenye bomba la tangi. "Mwalimu, maji kwanza." Akamvua soksi upesi, akaacha maji yatiririke mguuni, akamwomba mpishi atazame saa: dakika ishirini. Kisha tukafunika kwa kitambaa safi na kumpeleka kliniki kwa boda. Mama wa binti huyo ni muuguzi. Kijana aliyeongoza mtihani wa sayansi muhula ule alikuwa amesimama pembeni, kikombe mkononi.

(Kuhusu sufuria: kuliweka pale njiani lilikuwa kosa letu. Sasa liko nyuma ya ukuta wa jiko, na nimeshakwenda nyumbani kwa mtoto kuomba radhi.)

Kuna pia jambo la kifafa. Mwaka huu mwanafunzi alianguka uwanjani, wenzake wakatawanyika kwa kuogopa kwamba povu linaambukiza. Haliambukizi. Anayeanguka aondolewe vitu vigumu karibu naye, asishikwe kwa nguvu, asitiwe kijiko mdomoni, na degedege likitulia alazwe ubavu. Likipita dakika tano, hospitali. Naomba hili mliseme nyumbani pia, kwa sababu mtoto akirudi na somo letu akamkuta bibi na kijiko, atamtii bibi.

Vivyo hivyo mafuta ya taa kwenye chupa za soda. Mdogo akiyanywa, msimtapishe na msimpe maziwa ili atapike. Yakipanda tena yanaweza kuingia kwenye mapafu. Mkimbizeni hospitali na chupa yenyewe. Na aliyeumwa na nyoka shambani asichanjwe kwa wembe wala asifungwe kamba. Mguu utulizwe, abebwe.

Aliyeniuliza kama haya ni mzigo mkubwa kwa watoto: Norway wameyaweka shuleni tangu 1961, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliunga mkono pendekezo la saa mbili tu kwa mwaka, kuanzia umri wa miaka 12, za kufundisha kuokoa mtu ambaye moyo wake umesimama. Sisi tutatumia dakika arobaini kila Ijumaa, baada ya kipindi cha mwisho. Darasa la saba wataacha katikati ya Oktoba ili wajiandae na mtihani wa Novemba, hapo nimewasikia.

Hakuna pesa ya ziada. Nesi wa jirani amekubali kuja bila malipo, chai tu. Ninachoomba ni leso moja kuukuu, iliyofuliwa, kwa kila mtoto, ya kujifunzia kufunga mkono uliovunjika. Yenye tundu inafaa. Mpeni mtoto aje nayo siku ya kufungua.

Wenu,
Mwalimu Mkuu